Usilimwagie Maji Kwanza: Namna ya Kulifufua Ua la Usambara

Majani ya ua la chungu yakilegea na kulala ukingoni, mkono hukimbilia kopo la maji. Uzuie. Chomeka kidole kwenye udongo hadi kiungo cha kwanza, kisha nyanyua chungu upime uzito wake. Udongo ukiwa mkavu na chungu chepesi, mmea una kiu, na kiu ya siku chache hutibika kabla jua halijazama. Udongo ukiwa umelowa ilhali majani yamelegea vilevile, shida ni nyingine kabisa: mizizi imeoza. Maji yapo, wa kuyanyonya hayupo. Kikombe utakachoongeza hapo ndicho kitakachoumaliza.

Mimea mingi ya ndani huuawa na kosa hili. Mwenye nyumba husafiri, au msiba humweka mbali, au kazi humzidia. Anaporudi na kuuona mmea umesinyaa humwingia huruma, akaufidia maji ya mwezi mzima kwa mkupuo mmoja. Mizizi iliyodhoofika kwa ukavu haiwezi kupokea mafuriko hayo. Huoza ndani ya siku chache, na nyumba nzima husema ua limekufa kwa kukosa maji.

Nitaueleza mmea mmoja kwa kina: ua la Usambara, lile la majani ya duara yenye manyoya laini na maua ya zambarau, ya waridi au meupe, ambalo wauza maua wengi hulinadi kwa jina la afrikani violeti. Ni miongoni mwa yanayotupwa mapema kuliko mengine. Watu hulinunua likiwa limechanua, hulipeleka zawadi kwa mgonjwa au kwa mama, na maua yakiisha hudhani limekwisha. Chungu huhamia juu ya kabati, kisha stoo, kisha nje karibu na pipa la taka. Kumbe shina likiwa bado gumu, ua hilo linaweza kuishi miaka mingi na kuchanua tena na tena.

Kwao ni mwambani

Ua la Usambara kwa kawaida halioti uwandani. Makazi yake ni kuta za miamba, mawe yaliyofunikwa na kuvumwani na kingo za vijito, chini ya miti mikubwa inayochuja jua. Maua haya yapo kwenye milima ya Usambara, Nguru na Uluguru, na upande wa Kenya yapo kwenye mlima Mbololo huko Taita na kwenye miamba ya Cha Simba katika kaunti ya Kilifi. Udongo unaoyashikilia pengine haujai kiganja: ni majani yaliyooza yakanasa kwenye ufa wa jiwe. Mvua ikinyesha, maji hupita na kuchuruzika, hayatuami. Hewa ina unyevu. Mwanga upo, lakini umepitia matawini kwanza.

Msomaji akiyashika hayo manne, yaani udongo kidogo, maji yanayopita, hewa yenye unyevu na mwanga uliochujwa, anaweza kujitibia ua lake bila kumuuliza mtu. Chungu kikubwa chenye udongo mzito wa bustani ni kinyume cha ufa wa mwamba. Sahani iliyojaa maji chini ya chungu siku nzima ni kinyume chake pia.

Safari ya ua hili duniani ilianzia Tanga. Mwaka 1892 Baroni Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Tanga wakati wa utawala wa Wajerumani, alilituma kwa baba yake huko Ujerumani. Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, mjini Hannover, akalieleza kisayansi mwaka 1893 na kulipa jina Saintpaulia kwa heshima ya familia hiyo. Ernst Benary, mfanyabiashara wa mbegu wa Erfurt, akaanza kuliuza. Katika miaka ya 1920 shamba la Armacost na Royston mjini Los Angeles lilipanda mbegu zilizotoka Ujerumani na Uingereza, likachagua aina kumi ambazo kwazo zilizaliwa aina nyingi mno za leo. Mwaka 2015 wataalamu, kwa ushahidi wa vinasaba, walilihamishia kwenye jenasi ya Streptocarpus, ingawa wapenzi wake wengi bado hutumia jina la zamani. Inaniuma kwamba mtu wa Muheza au Korogwe hulinunua kama ua la kizungu, na likifubaa huona hana elimu ya kulitunza, hali jamaa zake wa porini wako milimani juu ya kijiji chake.

Litoe chunguni ulione

Matibabu huanza kwa kuangalia mizizi, na mizizi haionekani bila kuutoa mmea. Tandika gazeti mezani. Pitisha vidole viwili kila upande wa shina, chini ya majani, pindua chungu taratibu na ugonge kitako chake. Ukigoma kutoka, minya pembe za chungu kama ni cha plastiki, au pitisha kisu butu ukutani mwake. Usivute kwa majani, kwa sababu vikonyo vyake hukatika upesi.

Mizizi mizima ya ua hili ni myembamba sana, myeupe au ya rangi ya krimu, na imeshikana na udongo. Iliyooza ni ya kahawia iliyokolea au nyeusi, na ukiivuta kidogo ganda lake huteleza likabaki uzi mtupu mkononi. Udongo wake hunuka kinamasi. Usiogope kuikata yote iliyoharibika. Mmea huu umezoea kuanza upya, na mzizi mmoja mzima una faida kuliko kumi iliyooza inayoisambazia mingine ugonjwa.

Kisha bonyeza shina lenyewe. Likiwa gumu, una kazi nyepesi. Likiwa laini upande wa chini, chukua kisu chembamba kilichofutwa kwa spiriti, ukate vipande vyembamba kuanzia chini kwenda juu, ukitazama kila kipande. Ndani ya shina lenye afya ni rangi moja, kijani hafifu inayoelekea weupe. Ukiona duara au doa la kahawia, endelea kukata, na kifute kisu kila mara. Simama pale tu kahawia ilipotoweka kabisa. Kama imepanda hadi kwenye moyo wa mmea, penye majani machanga, kichwa hicho hakiokoki. Lakini majani ya pembeni yaliyo mazima yanaokoka, na nitayafikia.

Ua lililoachwa mwaka mmoja au miwili bila kubadilishiwa udongo huwa na tatizo jingine hata kama mizizi ni mizima. Majani ya chini hufa yakakatika, na shina hubaki tupu, refu, limepinda, na majani machache yamekusanyika juu kama mnazi. Watu huliona limezeeka wakalitupa. Shingo hiyo ni mahali ambapo mizizi mipya inaweza kuota, ili mradi uizike.

Ondoa kwanza kila jani lililokauka, lenye madoa ya kuoza, au dogo lisilolingana na mengine likiwa chini kabisa. Livute pembeni, upande wa kushoto au kulia, litaachana na shina bila kuacha kibaki. Bakisha duara moja la majani mazuri pamoja na moyo wake. Kata na vishina vya maua vyote, hata vyenye matumba. Najua inauma, lakini ua linatumia nguvu ambazo mizizi inazihitaji. Sasa kwaruza shingo taratibu kwa ubapa wa kisu, uondoe gamba la kahawia na makovu ya vikonyo hadi uone ukijani chini yake. Usichimbe, kwaruza tu. Hapo ndipo mizizi mipya itakapotokea.

Pima urefu wa shingo. Ikiwa ni sentimita tatu, kata sentimita tatu za chini za bonge la mizizi, ulirudishe kwenye chungu kilekile au kidogo zaidi, na majani ya chini yakae sawasawa na ukingo. Jaza udongo mpya kuzunguka shingo hadi chini ya majani hayo. Usishindilie. Gonga chungu mezani mara mbili tatu, udongo utajipanga wenyewe.

Udongo, chungu na mfuko

Udongo wa kununua uliotengenezwa kwa ajili ya maua haya kwa kawaida ni mchanganyiko wa mboji ya kinamasi, perlaiti na vamikulaiti kwa viwango sawa. Katika miji mikubwa unapatikana, lakini bei yake humkatisha mtu tamaa, na si lazima. Vumbi la makumbi ya nazi lililochekechwa, vipande vya mkaa vilivyopondwa vikawa vidogo kuliko punje ya hindi, na mboji iliyoiva kabisa isiyo na harufu ya samadi, huleta udongo mzuri. Mimi hupendelea sehemu mbili za makumbi, moja ya mkaa na moja ya mboji. Ukiushika ukiwa umelowa na kuuminya, usifanye donge. Uachie mkono, usambaratike.

Makumbi lakini yana hadhari yake. Huko Unguja, Pemba na pwani nzima makumbi huzikwa kwenye matope ya bahari kwa miezi ili yalainike kwa kusokota kamba. Makumbi ya namna hiyo yamejaa chumvi. Loweka, mimina maji, loweka tena, na urudie hadi maji yanayotoka yasiwe na ladha ya chumvi ukiyagusa kwa ncha ya ulimi. Hata makumbi makavu ya dukani hayaharibiki kwa kusuuzwa. Udongo wa shambani usiutumie peke yake: unaganda chunguni, unazuia hewa, na mara nyingi huja na minyoo ya mizizi.

Chungu kiwe kidogo kuliko unavyodhani. Kanuni ya wakuzaji ni kwamba upana wa chungu uwe theluthi moja ya upana wa mmea. Ua lenye majani yaliyotanda sentimita 30 linatosheka na chungu cha sentimita 10. Lililokatwa mizizi linataka chungu kidogo kuliko hicho. Kopo la mtindi lililotobolewa matundu manne chini hufaa kabisa. Chungu kikubwa hubaki na maji ambayo mizizi michache haiwezi kuyamaliza, na ndani ya wiki mbili utarudi kwenye uozo ulioutoka.

Baada ya kupanda, nyunyiza maji kidogo udongo ulowe bila kuchuruza. Kisha ingiza mmea mzima pamoja na chungu chake kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, uutunishe kwa pumzi, uufunge. Ndani yake hewa itakuwa na unyevu wa msituni, majani hayatapoteza maji wakati mizizi haijawa tayari kuyaleta. Uweke penye mwanga lakini jua lisiuguse kabisa, maana jua likipiga mfuko huo mmea utaiva ndani. Ukiona matone mengi yanateremka, fungua mfuko saa moja, kisha ufunge tena.

Kinachofuata ni subira. Wiki nne hadi sita zinaweza kupita bila dalili, na majani ya pembeni yanaweza hata kufifia kidogo. Usiuvute mmea kujua kama umeshika. Tazama moyo wake tu. Vijani vipya, vidogo, vya kijani kibichi, vikianza kufunguka katikati, mizizi imeota. Hapo fungua mdomo wa mfuko kidogo, kila siku zaidi, kwa wiki nzima, ndipo uutoe. Ukiutoa kwa ghafla utalegea siku hiyohiyo, na wengi hukata tamaa hapo, hatua ya mwisho.

Maji na mwanga baada ya kupona

Maji yawe ya uvuguvugu wa chumba. Maji baridi, hasa ya friji, yakigusa jani huacha miviringo ya manjano au myeupe isiyofutika. Jani si gonjwa, limeungua kwa tofauti ya joto. Njia salama ni kuweka chungu kwenye sahani yenye maji, ukiache kinyonye kwa dakika 20 hadi 30, kisha umwage yaliyobaki. Rudia pale tu uso wa udongo unapokauka ukiugusa. Idadi ya siku haisaidii: Lushoto mwezi wa Julai udongo hukaa na unyevu muda mrefu, Dodoma mwezi wa Oktoba hukauka upesi.

Kunyweshea kwa chini kuna dosari moja. Chumvichumvi za maji na za mbolea hupanda juu na kujikusanya kwenye ukingo wa chungu, ukaona utando mweupe au wa rangi ya kutu. Kikonyo kinachoulalia utando huo huungua na kuoza pale pale, jani likaanguka likiwa zima. Basi kila mwezi mara moja mwagia maji mengi kwa juu, ukikwepa moyo wa mmea, hadi yatoke chini kwa wingi, ukayamwage. Anayetumia maji ya kisima pwani, ambako visima vingi vina munyu, afadhali akinge maji ya mvua kwenye ndoo kwa ajili ya maua. Kuosha majani vumbi kunaruhusiwa kwa maji ya vuguvugu. Ua likauke kivulini, na tone lililokaa moyoni ulikaushe kwa kona ya karatasi laini.

Kuhusu mwanga, vitabu vingi vya bustani vimeandikwa Ulaya na Marekani, na ushauri wake wa dirisha la kaskazini au la kusini huwapotosha watu wa huku. Karibu na Ikweta jua la Juni hupita upande wa kaskazini na la Desemba upande wa kusini. Dirisha lililokuwa na kivuli kizuri mwezi wa kumi na mbili linaweza kuingiza jua mwezi wa sita. Dirisha la mashariki ndilo rafiki wa kudumu: jua la hadi saa tatu asubuhi halina ubaya, na pazia jepesi hulipunguza zaidi. La magharibi huunguza. Jaribu hili saa sita mchana: weka kiganja juu ya mmea, kimo cha shubiri moja. Kivuli kikiwa hafifu, kingo zake zimefifia, mwanga unatosha. Kikiwa kikali na kingo zake zimekatika vizuri, usogeze ndani. Kisipoonekana kabisa, usogeze dirishani.

Mmea nao husema. Vikonyo vikirefuka na majani yakasimama wima yakitafuta juu, mwanga ni mdogo. Ndiyo sababu kubwa ya ua lenye majani mazuri ya kijani iliyokolea kukaa mwaka mzima bila kuchanua. Majani yakipauka, yakawa magumu na kujikunja kukumbatia chungu, mwanga umezidi. Chumba kisicho na dirisha la maana kinaweza kusaidiwa na taa nyeupe ya LED iliyoning'inizwa kiasi cha sentimita 30 juu ya majani na kuwashwa muda wa saa 12 kila siku. Zungusha chungu robo mzunguko kila wiki, la sivyo mmea utainamia upande mmoja.

Joto linalolifaa ni nyuzi 18 hadi 27 za selsiasi. Kwa hiyo Nairobi, Arusha, Mbeya na Lushoto watu wanaliotesha bila taabu, na Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar Februari huwa mtihani. Pwani lipe sehemu ya ndani yenye hewa inayopita, punguza maji kidogo joto linapozidi, na usitarajie maua hadi hali ipoe. Lisikae mbele ya kiyoyozi, jambo wanalolijua wasomaji wa Maskati na Dubai: upepo wake ni mkavu na baridi kwa pamoja. Trei yenye kokoto na maji, chungu kikae juu ya kokoto bila kugusa maji, huongeza unyevu kidogo karibu na majani.

Mbolea ni ya mwisho. Mmea mgonjwa haulishwi, kwa sababu mizizi yenye vidonda huunguzwa na chumvi za mbolea. Subiri hadi majani mapya yafikie ukubwa wa sarafu na kuendelea, ndipo utie mbolea ya maji ya NPK yenye viwango vinavyokaribiana, ukiichanganya kwa robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Yurea iliyobaki shambani usiiguse kwa kazi hii.

Wadudu

Wapo wanaoliwahi ua kabla yako. Vidung'ata hujificha panapoungana kikonyo na shina, wakionekana kama vinyuzi vya pamba. Chovya kijiti cha pamba kwenye spiriti, uwaguse mmoja mmoja, urudie kila baada ya siku nne tano kwa mwezi mzima, maana mayai hayafi kwa mkupuo mmoja. Wapo pia vidung'ata wa mizizi, ambao utawakuta wakati ule unautoa mmea: unga mweupe kwenye ukuta wa chungu. Hao dawa yao ni kuosha mizizi yote, kutupa udongo, na kuanza upya. Poda ya manjano iliyomwagika juu ya petali za ua lililochanua ni kazi ya thiripi. Kata maua yote, na yatakayofuata pia, kwa miezi miwili. Ubwiriunga, ule unga mweupe juu ya majani, unatokana na hewa iliyotuama, nao hupungua ukiachanisha vyungu.

Mmoja siwezi kukupa tumaini naye. Majani ya katikati yakibana, yakawa madogo mno, ya kijivu, yamekunjamana na manyoya yamezidi, huo ni utitiri usioonekana kwa macho. Hupita kwa mkono kutoka ua moja hadi jingine. Fungia mmea huo kwenye mfuko, uutupe, unawe mikono kabla hujashika mwingine. Na ua lolote linaloingia nyumbani, liwe la kununua au la zawadi, likae chumba tofauti kwa mwezi mmoja kwanza.

Jani ni akiba

Kabla hujagusa shina kwa kisu, chukua majani mawili au matatu mazima yawe akiba yako. Yasiwe ya chini kabisa yaliyochoka, wala ya katikati yaliyo machanga. Ya duara la pili ndiyo yenye nguvu. Kata kikonyo kwa mshazari, ubakishe kiasi cha sentimita tatu, uso wa mkato utazame juu upande uleule wa uso wa jani. Kichomeke kwenye udongo uleule mwepesi, kina kisizidi sentimita mbili, ufunike kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako. Baada ya miezi miwili hivi, pengine zaidi, vijimea vitachomoza miguuni mwa jani, wakati mwingine vinne au vitano kwa pamoja. Viache hadi kila kimoja kifikie theluthi ya ukubwa wa jani mama, ndipo uvitenganishe. Ua la kwanza linaweza kuchukua karibu mwaka tangu siku ya kupanda jani.

Zipo aina chache zenye petali za mistari inayotoka katikati kwenda nje ambazo hazirithishi mistari hiyo kwa jani. Mtoto atachanua rangi moja. Hizo huzalishwa kwa vichipukizi vya pembeni. Kwa aina nyingine vichipukizi hivyo viondoe mapema kwa ncha ya penseli, kwa sababu ua lenye mioyo mitatu chunguni hubanana na kuchanua kwa taabu.

Wanaouliza kama njia hii inafaa kwa mimea mingine ya ndani, jibu langu ni kwamba kipimo cha kidole na ukaguzi wa mizizi vinafaa kwa yote, lakini tiba inafuata asili ya kila mmoja. Zamiokulkasi, ile ya majani mazito yanayong'aa inayopambia mabenki na hoteli, nayo ni ya Afrika Mashariki na Kusini, lakini imezoea kiangazi: chini ya udongo ina viazi vinavyohifadhi maji. Ikipukutisha majani yote kwa ukame, viazi vikiwa bado vigumu, itachipua. Ikimwagiwa kila siku viazi huoza. Utomvu wake huwasha, kwa hiyo penye watoto na paka ua la Usambara, lisilo na sumu, ndilo la kukaa mezani.

Jambo la mwisho ni la msituni. Katika Usambara Mashariki ufyekaji wa miti kwa ajili ya mashamba, yakiwemo ya iliki, umeyaondolea maua haya kivuli, na mwamba ukishapigwa na jua ua haliishi hapo. Baadhi ya aina zimebaki kwenye miamba michache tu. Anayetembelea Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ayatazame, apige picha, ayaache. Ua lililong'olewa mwambani na kupandwa kwenye chungu cha sebuleni aghalabu hufa, na pengo lake mwambani linaweza lisijazwe.

Anayelitaka aombe jani kwa jirani au ndugu aliye nalo. Jani husafiri vizuri: zungushia kikonyo karatasi laini iliyoloweshwa na kuminywa, lifunge kwenye mfuko mdogo uliotunishwa kwa hewa lisipondeke, uliweke begi la mkononi na si kwenye buti la basi lenye joto. Kutoka Lushoto hadi Mwanza litafika likiwa zima. Ukifika, kata kikonyo upya kidogo na ulipande jioni hiyohiyo.